Wakazi Halali wa Barafuni

Iko nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga, la hasha, bali kwa heshima, maana wakubwa wake hawapendi kusifiwa hadharani. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti tisa, mawaziri arobaini na mmoja, na kiongozi aliyeitwa Baba Mlezi, ambaye alikuwa amewalea wananchi kwa muda mrefu kiasi kwamba wengine walizeeka na kufa wangali wanalelewa. Kilichopungua kilikuwa kimoja tu, nacho ni maji. Mvua ilikuwa imekataa kunyesha miaka mitatu mfululizo, ingawa iliagizwa mara mbili kwa waraka wenye muhuri.

Baba Mlezi alikuwa ameahidi kwamba ifikapo sikukuu ya taifa kila mwananchi atakuwa na maji. Zilipobaki wiki tano, Waziri wa Maji akaanza kukonda, jambo ambalo halijawahi kumpata waziri yeyote katika historia ya nchi ile.

Wokovu ukatoka mbinguni. Wataalamu wa nchi za mbali, watu wasio na shughuli, walikuwa wamechungulia kwa darubini wakauona mwezi mdogo unaozunguka sayari kubwa, huko ambako jua lenyewe linaonekana kama tundu la sindano. Mwezi huo haukuwa na mtu, wala mti, wala mdudu. Ulikuwa mweupe pe, umeganda barafu upande hata upande, na uso wake umejaa mashimo kama uso wa mtu aliyeponea ndui. Wakasema chini ya barafu ile huenda ipo bahari nzima. Wakaandika makala yao, wakapeana mikono, wakaenda kula.

Waziri wa Maji alipoisoma habari hiyo gazetini, yeye hakula. Aliuliza swali ambalo wataalamu wote, pamoja na miwani yao, hawakuwa wamelifikiria.

"Ni wa nani?"

"Wa nani nini, Mheshimiwa?" akauliza katibu wake.

"Huo mwezi."

Ikaonekana si wa mtu. Bunge likakutana asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne mwezi ule ukawa wilaya ya themanini na nne ya nchi, ukapewa jina la Barafuni. Mbunge mmoja aliyeuliza ni umbali gani kutoka makao makuu alijibiwa kwamba jiografia haimo katika ajenda, akasindikizwa nje na askari wawili wenye adabu. Mchana takwimu zikapigwa upya. Maji yote ya nchi, pamoja na ya Barafuni, yakagawanywa kwa idadi ya wananchi, na kila mmoja, hadi mtoto aliyezaliwa jana, akaonekana kuwa na ziwa lake. Shida ya maji ikatangazwa imekwisha. Atakayeonekana barabarani na ndoo tupu akaonywa kwamba anapotosha umma.

*

Habari za kwisha kwa shida ya maji zilimkuta Nesi Tausi Mkolola akinawa mikono kwa kikombe cha maji ambacho siku hiyo kilikuwa kimeshanawisha mikono mara mbili.

Nesi Tausi alikuwa mkuu wa zahanati ya Makorongo, na pia alikuwa msaidizi wake, mkunga, mtunza dawa na mfagizi. Makorongo ni kijiji cha ardhi nyekundu ambacho watu wake walikuwa wamechimba kila mahali wakitafuta maji. Walichimba nyuma ya nyumba, katikati ya uwanja wa mpira, hata ndani ya ua wa msikiti. Walikuwa wamefikisha mashimo sitini na kitu, yote makavu isipokuwa moja, na hilo moja lilitoa tope ambalo ng'ombe waliligombania na watu, na mara nyingi ng'ombe walishinda.

Tope hilo ndilo lililoijaza zahanati. Vitanda vilikuwa vinane, wagonjwa kumi na tisa, wengine wakiwa juu ya mikeka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina linalojulikana na kila mtu, lakini Wizara ilikuwa imelipiga marufuku jina hilo kwa sababu liliwatisha wageni. Katika vitabu uliandikwa "tumbo lenye haraka". Uliwaua watu kwa haraka vilevile.

"Nesi," akaita bibi mmoja mkekani, redio ilipomaliza kusoma taarifa. "Wanasema nina ziwa?"

"Unalo, bibi."

"Basi mtu anitangulie akafukuze ng'ombe."

Wagonjwa wakacheka, wale waliokuwa na nguvu za kucheka. Nesi Tausi hakucheka. Alikuwa ameandika barua thelathini na moja kuomba kisima kirefu, na ya thelathini na mbili ndiyo iliyojibiwa: mtambo wa kuchimba umekwisha kupangiwa Makorongo, uko yadi mjini, subiri. Fundi mwenyewe wa mtambo, Makame Tindwa, alikuwa amekuja kupima ardhi, akagonga hapa na pale, akamwambia, "Maji yapo, Nesi. Yako chini sana, mita sitini. Jembe halifiki, lakini mimi nafika kwa siku moja." Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Na sasa redio, baada ya kusoma habari za maziwa, ilitangaza kwamba mtambo wa Makorongo umehamishiwa Wilaya ya Barafuni.

Katika kitanda cha tatu alilala Riziki, msichana wa miaka sita, na pembeni yake alikaa mama yake, Mwanne, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Riziki alikuwa ameanza kupata nafuu, dalili yake ni kwamba alikuwa ameanza kusumbua.

"Utakwenda kuufuata?" Mwanne akauliza.

"Nitakwenda kesho," alisema Nesi Tausi. "Siku moja, Mwanne. Fundi alisema siku moja tu."

*

Makao makuu ya muda ya Wilaya ya Barafuni yalikuwa mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Ilikuwa ofisi kamili. Ilikuwa na bendera, katibu muhtasi, dereva, na picha mbili ukutani, moja ya Baba Mlezi na nyingine ya mwezi, ya Baba Mlezi ikiwa kubwa zaidi. Katibu muhtasi alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Nje jua lilikuwa linapasua lami, lakini ndani kiyoyozi kilikuwa kinavuma kwa nguvu zake zote, na Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Abineri Songoro, alikaa nyuma ya meza akiwa na koti zito, skafu shingoni na glovu mikononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Funga mlango, baridi ya wilaya inatoka."

Nesi Tausi akafunga.

"Unaniona nilivyo," akasema Mheshimiwa Songoro, meno yakigongana. "Wengine wanapewa wilaya, wanakaa kwenye feni. Mimi naishi maisha ya wananchi wangu."

"Wananchi wako wako wangapi, Mheshimiwa?"

"Hilo tutalifikia. Una shida gani?"

"Nimetoka Makorongo. Nimefuata mtambo wetu."

"Mama, wewe ni mtaalamu wa afya, umesoma. Nikuulize. Mtu akitaka kuchimba maji, achimbe penye maji au pasipo na maji?"

"Penye maji."

"Makorongo kuna maji?"

"Hakuna, ndiyo maana..."

"Na Barafuni?"

"Nasikia yapo."

"Umejijibu mwenyewe. Kuchimba pasipo na maji ni ubadhirifu, na mimi ubadhirifu siwezi kuubariki."

"Chini yapo, Mheshimiwa. Fundi amepima. Na mtambo utafikaje huko mwezini?"

"Hilo ni suala la uchukuzi. Iko wizara yake."

"Na nani atakayeyanywa?"

Nesi Tausi alikuwa amegusa kidonda. Barafuni ilikuwa wilaya ya mfano kwa kila kipimo. Haikuwa na mwizi hata mmoja, haikuwa na mwanafunzi aliyefeli, na tangu ianzishwe haijawahi kupokea lalamiko. Lakini sheria ya mitambo ilisema wazi kwamba mtambo hauwezi kuondoka yadi mpaka wilaya ionyeshe majina ya wakazi mia nne. Mheshimiwa Songoro hakuwa na jina hata moja. Hata la kwake mwenyewe lilikuwa limeandikishwa kwao, alikojenga.

Akavua glovu moja, akakuna kidevu.

"Makorongo mko wangapi?"

"Mia nne na kumi na wawili," akasema Nesi Tausi. "Jana. Leo sijui."

"Sasa nisikilize, mama. Mtambo ni wa wakazi wa Barafuni. Nyinyi mkiandikishwa kuwa wakazi wa Barafuni, mtambo ni wa nani?"

"Wetu."

"Kwenye karatasi tu. Hakuna atakayepanda chombo chochote. Mtabaki na nyumba zenu, na kuku wenu, na mashimo yenu."

Nesi Tausi alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Katika miaka hiyo alijifunza kwamba katika nchi ile kilichoandikwa ndicho kilichopo. Alishawahi kumwona mtu hai akinyimwa dawa kwa sababu daftari lilisema amekufa, na alishawahi kupokea dawa za wagonjwa wa kijiji kisichokuwepo, makatoni matatu, kila mwezi, bila kukosa. Karatasi zilikuwa zimempiga chenga maisha yake yote. Leo, kwa mara ya kwanza, aliona karatasi inakuja upande wake.

"Na mtambo utakuja wapi, Mheshimiwa?"

"Utakwenda waliko wakazi."

"Nahitaji maandishi."

"Unanikosea heshima, mama, lakini nakuandikia." Akaandika kwa mkono uliokuwa unatetemeka kwa baridi: *Mtambo utachimba katika makazi ya wakazi husika.* Akapiga muhuri, akamsogezea karatasi, na Nesi Tausi akatia sahihi chini yake, haraka, asije akabadili mawazo.

*

Kuandikisha kijiji kulichukua siku mbili. Nesi Tausi alitembea nyumba kwa nyumba na fomu, Mwanne akimfuata nyuma na kibweta cha wino.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa mtu wa mwezini?" akauliza mzee mmoja aliyekuwa anachonga mpini.

"Kwenye karatasi tu, baba."

"Nikifa nitazikwa wapi?"

"Hapahapa."

"Na huyu mke wangu tunahama naye?"

"Naye yumo."

"Hakuna namna?" akasema mzee, mkewe akamrushia kifuu, wote wawili wakaweka dole gumba.

Wino ulikuwa wa zambarau, wa kuosha kwa maji na sabuni, na maji hayakuwepo. Wiki nzima Makorongo yote ilitembea na vidole vya zambarau, na watu waliposalimiana waliinua dole na kusema, "Habari za barafu?" Ilikuwa wiki nzuri. Kwa muda mrefu hapakuwa na la kuwachekesha.

Riziki, ambaye alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani siku ileile, aligoma kupitwa. Fomu ilitaka watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwa hiyo Nesi Tausi akamshika mkono, akamwekea dole pale mwisho kabisa, nambari mia nne na tisa. Wale watatu waliopungua walikuwa wamezikwa kati ya Jumatatu na Jumatano.

"Mtambo ukija nitakaa mbele," akasema Riziki.

"Utakaa mbele," akasema Nesi Tausi.

*

Majibu yalikuja kwa mpigo, barua tatu katika bahasha moja.

Ya kwanza iliwapongeza wakazi mia nne na tisa wa Barafuni kwa uzalendo wao. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa watu wote wa Makorongo wamehama, Makorongo sasa ina watu sifuri, na kwa kuwa zahanati haiwezi kuhudumia sifuri, inafungwa. Dripu, dawa na chumvi za kuchanganya na maji zitapelekwa waliko wagonjwa, yaani Barafuni, usafiri utakapopatikana. Ya tatu ilihusu mtambo. Ilisema utachimba katika makazi ya wakazi husika, yaani Barafuni, kama ilivyokubaliwa. Nakala ya makubaliano iliambatanishwa, na sahihi ya Nesi Tausi ilionekana vizuri sana.

Alipanda mnara wa kanisa, mahali pekee penye mtandao, akapiga simu.

"Mheshimiwa, wakazi tuko huku!"

"Wakazi wa Barafuni wako Barafuni, mama. Majina yao ninayo hapa mezani. Nyinyi mlioko huko ndio sijui ni akina nani."

"Ni mimi, Tausi! Ulinikalisha ofisini kwako!"

"Tausi Mkolola?" Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Nambari moja. Hongera, mama. Uko Barafuni." Simu ikakatika.

Nesi Tausi akashuka ngazi polepole. Chini, Mwanne alikuwa anamsubiri. Akamwambia amfuate. Siku hiyo Nesi Tausi alivunja kufuli la zahanati kwa jiwe, akaendelea kuhudumia sifuri.

*

Zikabaki siku nne kufika sikukuu ya taifa, na Baba Mlezi alitakiwa kuzindua kisima cha Barafuni mbele ya televisheni. Safari yenyewe ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya ratiba. Kamati ikaundwa kutafuta mahali ndani ya nchi panapofanana na mwezi ule, pakavu, pasipo na mti, penye mashimo mengi, na juu ya yote pasipo na watu. Wakafungua madaftari. Mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu.

Msafara ulipowasili Makorongo na kukuta watu mia tatu na themanini wamesimama barabarani, mkuu wa itifaki alishtuka kama aliyeona mizimu.

"Nyinyi ni nani?"

"Wenyeji," akajibu mzee wa mpini.

"Hapa hakuna wenyeji. Tunazo karatasi."

Wakafungiwa nyuma ya kamba. Malori matatu yakamwaga barafu kutoka kiwanda cha samaki, askari wakaisambaza kwa makoleo hadi ardhi nyekundu ikawa nyeupe na mashimo yakabaki meusi katikati yake. Kwenye televisheni ilipendeza ajabu. Kwa walio karibu ilinuka samaki. Na nyuma ya malori, ukipiga honi, ukaingia mtambo.

Nesi Tausi hakuangalia kitu kingine. Fundi Makame aliuegesha ukingoni mwa kamba, mahali palepale alipopima mara ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyemwambia pengine.

"Fundi," akamwita kwa sauti ya chini. "Unachimba kweli au unaigiza?"

"Nimeambiwa ungurume tu, Nesi. Mimi mtambo wangu haujui kunguruma bila kuchimba."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka hotuba iishe. Hakuna kuzima kabla Baba Mlezi hajamaliza, eti itakuwa utovu wa nidhamu."

"Unahitaji mabomba mangapi kufika?"

"Mita tatu kila bomba. Ishirini." Akatazama juu, akapiga hesabu. "Na mwamba wa hapo juu si mgumu. Masaa matatu, yakizidi manne."

Kila mtu katika nchi ile alijua tabia moja ya Baba Mlezi. Hakuweza kumaliza hotuba watu wakiwa wanampigia makofi. Akipigiwa, alirudi nyuma kuanzia utoto wake. Kila mwanafunzi aliyewahi kupangwa juani kumpokea alijifunza mapema kuficha mikono mfukoni, ili awahi chakula cha mchana. Nesi Tausi akageuka nyuma kwa watu wake.

"Leo," akasema, "asiwepo atakayepumzisha mikono."

Baba Mlezi akapanda jukwaani akiwa ndani ya vazi la mwezini lililoshonwa na fundi wa sare za jeshi, jeupe, limejazwa sponji, na kofia ya kioo kichwani. Akabonyeza kitufe. Mtambo ukanguruma.

"Ndugu wananchi wa Barafuni!" akaanza. "Wako waliosema haiwezekani. Nawauliza leo, wako wapi?"

Makorongo ikalipuka kwa makofi. Baba Mlezi akashangaa, kisha akafurahi. Bomba la kwanza likazama.

Alieleza alivyozaliwa. Makofi. Bomba la tatu. Alieleza alivyopigana na wakoloni, na walivyomwogopa, hata wale aliokuwa bado hajazaliwa walipoondoka. Makofi, vigelegele. Bomba la saba. Wapambe walikuwa wanaangalia saa, lakini hakuna aliyethubutu. Jua likasimama utosini, barafu ikaanza kuyeyuka na kutiririkia mashimoni, na watu mia tatu na themanini, wengi wao hawajanywa kitu tangu jana, walipiga makofi kama watu wanaojiokoa kwenye moto. Wagonjwa waliotolewa nje kwa mikeka walipiga wakiwa wamelala. Riziki alikaa mbele, kama alivyoahidiwa, viganja vimekuwa vyekundu.

"Kumi na tano!" akapiga kelele Fundi Makame, akijifanya anasifu. Baba Mlezi akadhani ni sifa, akaongeza sura nzima kuhusu uongozi.

Bomba la kumi na nane. Udongo uliokuwa unatoka mkavu kama unga ukaanza kutoka mweusi. Fundi akauchota, akauminya kiganjani, akauinua Nesi Tausi auone. Ulikuwa umelowa. Tone moja likamdondoka kifundoni.

Hapo Baba Mlezi akakohoa.

Akakohoa tena. Saa tatu na nusu za kusema juani, ndani ya sponji, zilikuwa zimemkausha koo. Akavua kofia ya kioo. Mpambe akakimbia na chupa ya maji, Baba Mlezi akainywa yote, akaitaka ya pili, akainywa, akapangusa mdomo. Watu walikuwa wanapiga makofi mpaka sauti yake haisikiki. Lakini alikuwa amesahau alipofikia.

"Basi," akasema. "Asanteni."

Mpambe akainua mkono. Fundi Makame akazima mtambo, na kimya kikaanguka.

"Mawili, Nesi," akasema fundi. "Yamebaki mawili tu."

"Washa."

"Wataniona."

"Washa, Fundi. Nusu saa. Nakuomba."

Fundi Makame akatazama askari, akatazama watu nyuma ya kamba, ambao mikono yao ilikuwa bado juu. Alikuwa na watoto watano. Akaanza kufungua mabomba, moja moja, bila kumtazama tena mtu yeyote. Mkuu wa itifaki akaagiza shimo lizibwe kwa zege, ili mwezi uachwe kama ulivyokutwa, na msafara ukaondoka kwa ving'ora.

Kamba ilipoondolewa, watu wakaivamia barafu. Iliyobaki ilikuwa imechanganyika na tope la mashimoni na magamba ya samaki. Wakaichota kwa ndoo, kwa sufuria, kwa kofia.

"Chemsheni!" Nesi Tausi alikuwa anakimbia huku na huku. "Msile! Chemsheni kwanza!"

Lakini lilikuwa jua la saa tisa, na ilikuwa barafu. Alipomfikia Riziki, mtoto alikuwa na bonge zima shavuni, macho yamemtoka kwa raha.

"Nesi," akasema, "linauma meno!"

*

Televisheni ilirudia uzinduzi ule siku saba. Siku hizohizo zahanati iliyofungwa ilipokea wagonjwa sitini na wanne. Hapakuwa na dripu, na maji ya chumvi na sukari yanahitaji maji. Nesi Tausi aliandika majina ya waliokufa, ishirini na watatu, na kwenye safu ya ugonjwa akalijaza lile jina lililopigwa marufuku, kamili, kwa herufi kubwa, mara ishirini na tatu. Akapeleka ripoti mjini kwa mkono wake.

Mheshimiwa Songoro aliipokea kwa furaha ambayo Nesi Tausi hakuielewa mpaka baadaye. Wilaya yake ilikuwa imelaumiwa na wakubwa kwamba ina wakazi wa karatasi ambao hawajahamia. Sasa hapa kulikuwa na watu ishirini na watatu, wote wamo katika daftari la Barafuni, na wote, kwa ushahidi wa nesi mwenyewe, hawaonekani tena Makorongo. Akawaandikisha katika safu ya waliowasili, na kwa kila familia akatuma barua.

Mwanne alikuja na yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha tatu, ambacho kilikuwa na mtoto wa mtu mwingine.

"Nisomee, Nesi. Wewe ndiye unayezijua karatasi zao."

Nesi Tausi akaifungua. Angeweza kusoma kingine, Mwanne asingejua. Lakini akasoma kilichoandikwa.

"*Ofisi yangu ina furaha kukujulisha kwamba Riziki, mkazi nambari mia nne na tisa, amehamia rasmi Wilaya ya Barafuni. Amekuwa miongoni mwa wakazi wetu wa mwanzo, na wilaya inajivunia kumpokea. Tunakuhimiza na wewe usichelewe.*"

Mwanne alikisugua kidole chake ambacho zambarau ilikuwa bado haijatoka.

"Wamesema huko kuna maji?"

Nesi Tausi akaitazama tena barua. Chini kabisa, chini ya muhuri, palikuwa na sentensi ya kuchapwa kuhusu neema za wilaya.

"Wamesema yapo."

Mwanne akaichukua barua, akaikunja, akaifunga tena kwenye pindo la kanga, akakaza fundo.

"Basi atakuwa amekunywa," akasema.